Ondoa Namba Yake Kwenye Gari la Dada Yako

Kwangu, chumba cha mbele
Ijumaa, saa tatu asubuhi

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Una akili za kuku, na kuku mwenyewe akisikia nimemfananisha na wewe atanishtaki. Nakwambia mapema usije ukasoma salamu ukadhani tumepatana.

Haya, salamu. Hujambo? Mkeo hajambo? Mwanenu Kitumbo ameota meno? Kile kifua chako kinachokohoa kila baridi ikiingia kimepoa? Mimi magoti ni yale yale, ila mkono wa kulia bado una nguvu, utaona huko mbele. Naandika mwenyewe kwa darasa langu la tatu, kwa hiyo usicheke mwandiko. Kwenye simu kazi yako ni kunikatiza, "Bibi tulia, Bibi tulia." Hapa utanikatiza vipi? Mwalimu wa jirani ataipiga picha barua hii akutumie nikimaliza tu.

Gari la umeme ulilomkodia dada yako ni zuri, sikatai. Miaka sita amekwenda kupima maji kule mtamboni kwa kuomba lifti za malori, na chupa zake za sampuli zimefungwa kwenye kanga zisivunjike. Siku alipokuja kunionyesha, gari lilifika mlangoni bila hata kukohoa, nikadhani limezimika. Alinizungusha mtaa mzima. Nilimpungia mkono yule mama wa cherehani anayejifanya ana mwanawe Ulaya.

Sasa kosa lako. Wakodishaji walipokuuliza mtumiaji mkuu ni nani, yule ambaye simu yake ndiyo inaliamuru gari, uliandika namba ya mumewe, shemeji yako. Anayeendesha ni dada yako, aliyetia sahihi ni wewe, na namba ni ya fundi wa vioo ambaye hata baiskeli inamshinda! Nilipokuuliza ukanijibu eti ni heshima, yeye ndiye mwenye nyumba. Mjinga wewe.

Ile simu inamwonyesha gari liko wapi kama unavyoona nzi ukutani. Mwezi wa kwanza alikuwa anacheka nayo tu. Mwezi wa pili dada yako alisimama duka la dawa kununua vidonge vya kichwa, na alipofika nyumbani alipigwa kibao kabla hajavua viatu. "Dakika kumi na moja. Ulikuwa na nani?" Akamwonyesha vidonge. Yule akavikanyaga.

Kisha akagundua anaweza kuamuru gari lishike chaji kiasi anachotaka yeye. Akaliwekea ya kwenda na kurudi, basi, kama mtu anavyompimia mbuzi kamba. Siku barabara ilipofungwa, dada yako akazunguka njia ya mbali, gari likamfia kilomita tano kutoka nyumbani. Alitembea. Alipofika mlangoni akashika fremu avute pumzi, na yule shetani akausukuma mlango kwa bega. Vidole viwili vilivunjika, tena vya mkono anaoshikia chupa. Mimi niliambiwa ameteleza bafuni. Nikaamini, na hilo sijajisamehe, kwa hiyo usidhani nakutukana peke yako.

Jumanne saa tisa mchana alitoka kazini akaja moja kwa moja kwangu, shavu limevimba kama ameficha limau. Tukapitisha waya wa kuchajia kwenye dirisha la jikoni, tukachomeka. Hata maji ya chai hayajachemka, shemeji yako huyo, kashuka kwenye pikipiki ya kukodi na nyundo mkononi. Hakuuliza njia, hakubisha hodi kwa mtu. Simu ilikuwa imemwambia.

Dada yako aliuchomoa waya, akaingia garini atoroke. Gari likakataa kuwaka. Anabonyeza, anabonyeza, anapiga usukani, na yule kasimama hatua tatu, kainua simu juu, anacheka. "Nenda sasa. Si una gari? Nenda!"

Fundi wa vioo anajua kuvunja kioo. Pigo moja tu, kwenye kona, kikamwagika karibu chote. Akaingiza mkono, akamshika nywele, akamvuta kupitia dirishani kama anayetoa gunia. Vile vipande vilivyobaki vikamchana kuanzia kwapani hadi kiunoni. Akamwangusha chini, akampiga teke la tumbo, la pili, na nyundo akaiinua.

Mimi nilikuwa nimeshaokota waya. Unaujua wewe? Mnene kama mkono wa mtoto, na kichwa chake kizito kuliko mchi wangu. Niliuzungusha nikampata sikioni. Akageuka. "Bibi, unanipiga mimi, mwenye nyumba?" Nikamwambia, "Nyumba ipi? Hapa ni kwangu!" nikampa cha meno. Alitema mawili. Akanisukuma nikaangukia mgongo, lakini nyundo ilikuwa imemtoka, na dada yako akaidaka kwa ule mkono mzima akamtwanga nayo goti. Nilisikia lilivyolia. Jirani mchomelea vyuma ndipo akafika mbio na miwani yake ya kazi usoni, akamkalia. Nakwambia kweli, angechelewa kidogo ningemmaliza, na nisingelia.

Daktari amemshona dada yako nyuzi ishirini na mbili. Mimba ya miezi mitatu aliyokuwa nayo imetoka. Hukujua alikuwa nayo. Hata mimi sikujua. Yeye alikuwa anangoja ikae vizuri ndipo akwambie wewe wa kwanza.

Polisi walimlaza ndani siku mbili, jana wakamwachia aende akatibiwe goti. Leo asubuhi ametuma ujumbe kwenye simu yangu, herufi zenyewe kama sisimizi, mwalimu amenisomea: "Gari naliona liko uani kwa bibi, chaji asilimia arobaini. Safari hii sitakuja peke yangu."

Msimamizi wa dada yako amempa chumba ndani ya uzio wa mtambo, kuna mlinzi wa bunduki getini. Dada yako yuko tayari, nguo zimefungwa, na dirisha la gari tumeliziba kwa nailoni. Lakini gari halitawaka mpaka yule mtu apende. Tumewapigia wakodishaji, binti wa watu akajibu kwa upole kwamba hawezi kubadilisha kitu ila aliyetia sahihi aseme mwenyewe. Ni wewe huyo.

Najua shemeji yako amekupigia akilia. Mama yako kaniambia umemwahidi mtazungumza kiume kwanza ndipo uguse gari. Ukimwambia, atakuwa hapa kabla hujamaliza kukata simu. Huyo hastahili kuarifiwa chochote. Heshima yako ipeleke kwa huyu aliyelala nyuma ya pazia langu, anayeuma mto ili nisimsikie.

Nisalimie mkeo, mwambie bibi hajamkasirikia yeye. Kitumbo mbusu. Shangazi yako mkubwa ukionana naye mwambie mgongo wangu umeumia lakini haukuvunjika, asianze kulia. Mungu akulinde huko uliko na akuongezee akili kidogo, zilizopo hazitoshi.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye huku nimekukunjia ngumi.

Sasa weka barua chini. Wapigie wakodishaji, toa namba yake, weka ya dada yako, waambie waliwashe gari. Usimpigie mtu mwingine yeyote kwanza. Ukifika hapa tutakuwa tumekaa ndani ya gari tunangoja, yeye kwenye usukani na mimi pembeni na waya mapajani. Piga!