Tiki za Jioni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Baba. Natumaini wewe, wifi na watoto mko wazima, na kile kifua cha mdogo kimetulia. Sisi huku tunapumua. Zaidi ya hapo siwezi kusema bila kukudanganya, na kudanganya nimechoka.

Kwenye simu nitalia kabla sijafika mbali, ndiyo maana nimeshika kalamu. Unakumbuka daktari alivyotupangia matibabu ya saratani ya utumbo: siku ya kwanza dripu, kisha vidonge asubuhi na jioni baada ya kula, siku kumi na nne mfululizo, halafu wiki moja ya kupumzika, na kuanza upya. Mizunguko minane. Mimi nilikabidhiwa kadi, niweke tiki kila Baba anapomeza.

Mzunguko wa kwanza alitapika tu. Wa pili ukaja na ubaridi. Akigusa chuma, vidole vinamchoma kama ameshika waya wa umeme, na wewe unajua fundi saa anashinda ameshika nini: bisibisi, kibano, skrubu ndogo kama chembe ya sukari. Akawa anakaa dukani na glavu za sufu, jua linawaka, wateja wakamwita Bondia. Akawajibu kwamba akishamalizana na saa zao atamalizana na wao. Siku hiyo tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mzunguko wa tatu viganja viliiva vikawa vyekundu, ngozi ikabanduka. Nyayo vilevile, akawa anatembelea visigino. Saa ya mwalimu mmoja mstaafu ilimponyoka mara tatu. Mara ya nne akaiacha hapo chini, akafunika uso kwa mikono ileile. Kaka, Baba hakulia hata tulipomzika Mama.

Jioni nilipompelekea vidonge, alinisukumia kisosi taratibu. "Kadogo," akasema, "hivi vitu vinanila mikono. Niache nipumue kidogo tu. Na kliniki usiseme, watanikaripia kama mtoto."

Nikasema haya.

Hicho kidogo kikawa kila jioni. Ngozi ikaanza kurudi. Akavua glavu, akaitengeneza saa ya mwalimu, akarudi nyumbani anapiga mluzi, nami nikajiona nimefanya la maana. Kila jioni niliweka tiki. Muuguzi alipouliza kama anameza zote nilimwonyesha kadi, akanisifu kwa unadhifu. Alipouliza habari za mikono, Baba aliitia mifukoni akasema haijambo.

Baada ya mzunguko wa sita, picha zilionyesha uvimbe umekua na umefika kwenye ini. Daktari akasema dawa imeshindwa, akambadilishia nyingine kali zaidi. Hayo ndiyo niliyokusimulia kwa simu, nawe ukailaani dawa. Sikukwambia kwamba tangu mzunguko wa tatu nusu ya vidonge haikumezwa. Hiyo mpya ilimwangusha kabisa: homa, kinga ya mwili ikashuka, akalazwa siku tisa. Sasa wamesimamisha zote. Anapewa ya maumivu tu.

Jumanne nilikwenda peke yangu kwa daktari nikamweleza kila kitu. Hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza. Alivua miwani akasema wangeambiwa kuhusu mikono, wangesimamisha vidonge siku chache kisha wakapunguza dozi, kwani wagonjwa wengi hupunguziwa. Nikauliza kama Baba angepona. Akasema hajui, na kwamba hakuna atakayejua.

Nilimwambia Baba kwamba nimesema. Akasema aliyeomba ni yeye, nisijitwishe peke yangu. Halafu akauliza kama wewe unajua. Nikasema bado. "Mwandikie," akasema. "Na mwambie aje. Asingoje likizo."

Basi njoo, kaka. Maneno yako yote nitayapokea ukishafika, hata yakiwa makali. Baba sasa hawezi kushika wembe, na kwangu hataki, anasema nitamkata. Anasema ndevu utamnyoa wewe.

Wabusu watoto, mpe wifi mkono wangu. Tunakungoja mlangoni.

Mdogo wako anayekupenda,
Kadogo