Nusu ya Chipu Niliyoificha

Garissa, Machi 1999

Abaayo Ilhan, dada yangu,

Asalaam aleikum. Nakuomba kwa jina la Mungu, barua hii usimwonyeshe mtu, hata shangazi. Sisi hatujambo. Kwetu Balambala mvua imenyesha.

Ofisi imepata mashine ya kurekodi maji ya visima. Chipu yake huhifadhi kumbukumbu hata umeme ukikatika, lakini kiini, ile programu inayoendesha mashine yote, hakijui kama chipu ipo. Lazima ukiandikie iko wapi na ni kubwa kiasi gani. Nilipofika penye ukubwa nikasita. Unajua tulivyolelewa: mgeni akiuliza ngamia ni wangapi, unataja nusu, jicho la hasidi lisije likawapata. Chipu ni ya megabaiti nane. Nikaandika nne.

Kiini kikaamini! Sasa mashine inasema imejaa, na bosi wangu, Mzee Nunow, amemkaba Alio aliyetuuzia.

"Umeniletea nusu, mwizi wewe!"

"Wallahi ni nane, Mzee! Fungua uhesabu!"

Alhamisi anampeleka polisi. Mimi nilikuwa hapo hapo, nikawamiminia chai.

Wewe unasomea kompyuta. Nikisahihisha ukubwa, rekodi zitafutika? Usipige simu ofisini. Piga dukani kwa Fatumo baada ya Alasiri, useme unaulizia ngamia. Kama rekodi zitabaki, mwambie wote wanane wameonekana, nami nitakiri kwa Mzee hata akinifukuza.

Lakini Fatumo ana jicho. Sema wanne.

Nduguyo,
Aweys