Sombe Isiyolala

Jumatatu, 3 Juni 2024

Magoti tena. Kuamka nimeamka kabla ya adhana, lakini kuamka si kusimama. Nimekaa kitandani nikiyasugua na mawese kama ninakaanga samaki. Halafu kazi. Kazi haijui goti la mtu.

Nimeshuka shambani kwa Léocadie kuchukua majani ya muhogo ya kupika sombe. Pikipiki mpaka kwenye daraja, kisha njia ya miguu katikati ya michikichi. Vumbi la kiangazi limeanza, nimefika mwekundu mpaka kope. Léocadie akacheka, akanitandikia mkeka. Kwake mnunuzi haingii shambani na kapu. Unakaa, unapewa maji, mnaulizana habari za watoto na wagonjwa, na yeye ndiye anayechuma. Anachuma ncha tu, zile laini. Ukimlipa anaongeza gao moja juu bure, matabishi, ukikataa anakasirika. Mimi ninampelekea chumvi na sabuni, hatuweki hesabu. Yeye Mkristo wa mashambani, mimi Mwislamu wa mjini. Mama yangu alinunua kwa mama yake. Ananiita ndugu.

Saa sita sahani za wateja zimekwisha. Watu hapa Kasongo wanasema, twende kwa Mama Soraya, sombe yake haijalala. Kweli haijalala. Asubuhi iko kwenye mti, mchana iko tumboni. Mimi ndiye sijalala.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya, na imekuwa mbaya kwa kitu kidogo.

Mboga za lenga-lenga zimekauka kote, matembele hakuna, mji mzima unataka sombe. Tangu Pasaka ninakwenda kwa Léocadie mara mbili hata tatu kwa juma. Zamani nilikwenda mara moja kwa juma. Sikufikiri. Sufuria ikiwa tupu unafikiri sufuria tu.

Leo nimemkuta mume wake, Magloire, anachimba mihogo karibu na njia. Hii ndiyo wanayokula kiangazi chote mpaka mahindi mapya. Hawana ghala lingine, ghala lao ni ardhi. Akang'oa shina moja, mizizi myembamba. Shina la pili, hivyo hivyo. Vidole! Vidole vya mtoto, si mihogo. Shamba lile lile mwaka jana lilikuwa linatoa mihogo ya kumchosha mtu kubeba.

Magloire ni mtu wa utani. Akanionyesha mmoja, akasema:

— Dada Soraya, muti yenye wanainyoa kila siku iko inafikiri nywele tu. Tumbo iko inasahau.

Mimi nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe. Léocadie hakucheka. Akamwambia kwa Kizimba, lugha ya kwao, maneno mafupi ambayo sikuhitaji mtu wa kunitafsiria, akafungua kitenge alichojifunga juu, akaifunika ile mihogo pale chini. Halafu akaenda kunichumia. Nikaona kwa macho yangu: ncha mpya hazijatoka vizuri, tayari anazivunja. Anazitafuta. Shina hili mbili, shina lile moja. Na bado kapu likajaa, na bado akaongeza gao lake juu.

Nilijifanya sikuona. Njiani mzigo ulikuwa mzito kuliko siku zote, na si kwa sababu ya majani.

Ijumaa, 7 Juni

Sombe ya jana wameisifu sana. Mimi sikuigusa.

Nimewaza usiku kucha na leo hata kwenye hotuba ya msikitini sikusikia neno. Léocadie hawezi kuniambia hapana. Namjua. Kwao kumnyima ndugu aliyekuja na kapu ni kumfukuza. Atanichumia mpaka shamba libaki vijiti, halafu kiangazi hiki watakula nini? Na mimi siwezi kumwambia nimeona njaa yako. Alishaifunika na kitenge chake. Nitaifunuaje?

Basi nimeamua. Sitakwenda tena kwa muda. Miti ipumzike, mizizi inenepe. Nitanunua sokoni kama wenzangu. Tenda wema nenda zako.

Nimemwambia mdogo wangu Faida, ndiye anayetwanga. Akaacha mchi. Akasema, usipokwenda bila neno atafikiri umepata mwingine. Nikamwambia Léocadie si mtu wa hivyo. Akasema kila mtu ni wa hivyo. Faida tangu utoto anapenda kuona wingu kwenye jua! Nikamwambia atwange.

Jumatatu, 10 Juni

Sombe ya sokoni. Imelala kwenye gunia, tena imelala vibaya. Ncha nyeusi, harufu ya joto. Nusu unatupa, nusu unatwanga mara mbili. Faida hanisemeshi kwa ajili ya mikono yake.

Mwalimu Emile, ambaye anakula kwangu tangu hajaoa, ameonja akatazama sahani, akaniuliza kama nimesafiri. Nikamjibu niko hapa. Akasema sombe ndiyo imesafiri basi. Watu wakacheka. Nikacheka pamoja nao, bei ya kicheko ni bure.

Kusema kweli inauma. Jina langu ni sombe ile. Sina kingine ninachopika kuwashinda wengine. Lakini nikikumbuka vile vidole ardhini, ninatulia kidogo. Ninajiambia ni mimi ninayebeba, si yeye.

Alhamisi, 13 Juni

Uchovu. Makaa mabichi, moshi tupu. Watu wachache.

Kwa Léocadie sijakwenda, wala sijatuma salamu. Nilitaka kumtumia chumvi kwa mtu anayepita. Halafu nikaona nikituma chumvi bila kwenda ndiyo itakuwa kama sadaka. Nikaiacha. Iko kwenye mfuko mlangoni, kila ukipita unaigonga na mguu.

Jumapili, 16 Juni. Idi

Ningeifuta siku hii kama ingefutika.

Tumerudi kuswali, nyumba imejaa, shemeji, watoto, nyama inachemka, wali unaiva. Nimevaa gauni jipya, goti limenyamaza kwa heshima ya sikukuu. Nikasikia hodi nyuma, upande wa jikoni. Ni Léocadie.

Kila Idi anakuja, na mimi kila Noeli ninawapelekea wali wa nazi ya kopo. Nilisahau! Katika kujisifu moyoni kwamba ninampumzisha, nilisahau kwamba leo atakuja kwa miguu na mzigo kichwani. Na mzigo ni majani. Ncha laini, mbichi, zimefungwa kwenye jani la mgomba na kamba ya mgomba. Shamba lile halina kitu, na zawadi ametoa kulekule. Sijui alizunguka miti mingapi.

Ningemkumbatia nimpeleke sebuleni. Lakini alikuwa ameshafika kwenye kinu. Faida alikuwa ameacha mle sombe ya sokoni, nusu imetwangwa, na gunia pembeni limefunguka. Léocadie akainama, akachukua jani moja, akalisugua kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa. Mkulima hahitaji kuuliza jani limetoka wapi. Lilikuwa jani gumu lenye ncha nyeusi, la mtu mwingine.

Akalirudisha kwenye gunia, polepole. Akaweka mzigo wake chini. Nikaanza kusema, ndugu yangu, ngoja nikuambie, na hapohapo watoto wakaingia wanataka soda, shemeji ananiita, Faida anatazama ukuta. Nikamwambia kaa ule kwanza. Akasema ameshiba.

Ametembea tangu alfajiri, na ananiambia ameshiba. Katika nyumba yangu, siku ya Idi.

Akaniaga kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. Hakuniita ndugu. Hakuniita kitu chochote. Nilisimama mlangoni mpaka amepinda kona kwenye duka la mafuta. Ningemkimbilia, wageni wangesema nini? Na magoti. Ninasema magoti, lakini haikuwa magoti.

Majani yake sikuyapika. Sikuweza. Jioni Faida ameyatwanga bila kuniuliza, maana kutupa ni dhambi. Hakuna aliyejua yalivyokuja. Wamelamba sahani.

Jumatano, 19 Juni

Nilikusudia kwenda jana, mvua ya kiangazi isiyo na kazi ikaniharibia njia. Leo kijakazi wa kazi zote ni mimi, Faida ana homa. Kesho.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama alikuwa anasema. Ninaogopa kimya cha yule mwanamke kuliko kelele za wote wengine.

Ijumaa, 21 Juni

Jana sikwenda, homa ya Faida imeshuka leo tu. Nimesikia sokoni. Musafiri, yule anayepeleka vyakula Salamabila kwa wachimba dhahabu, ameshuka upande wa daraja anatafuta majani ya muhogo. Yeye hachumi ncha. Anakata na vijiti vyake vyote, ndivyo majani hayanyauki upesi njiani, anayamwagia maji, anajaza magunia, pikipiki tatu kwa mara moja. Shamba likipitiwa na Musafiri linabaki kama kichwa cha mgonjwa. Muuza mawese aliyenieleza amesema kuna mama mmoja kule amempa shamba lote. Akataja mume wake ni mtu wa utani.

Nilikaa kwenye gunia la mtu. Mwenye gunia akaniuliza kama ninaumwa.

Kesho alfajiri ninakwenda, hata kwa kutambaa.

Jumamosi, 22 Juni

Ninaandika hapahapa shambani, daftari juu ya goti. Nililichukua kwenye kapu bila kujua. Afadhali mkono uwe na kazi.

Nimefika, pikipiki za Musafiri ziko chini ya michikichi, magunia mengine yameshafungwa. Vijana wake wanakata. Tah, tah, tah. Mistari ya upande wa barabara imekwisha, vijiti vimesimama uchi. Léocadie yuko kati yao anakata kwa kisu chake mwenyewe. Nilisahau adabu zote, nikaingia shambani na kapu mkononi mpaka alipo.

Nikamwambia yote. Kwamba sikupata mwingine, kwamba ile ilikuwa ya sokoni, takataka, watu wananicheka. Kwamba niliona mihogo siku ile, nikaacha kuja ili miti ipumzike, ili wapate kula. Nilisema haraka, nikakosa pumzi. Nilidhani nikimaliza atanishika mkono. Mjinga mimi, nilikuwa nangojea hata shukrani!

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisu hakikusimama. Halafu akasema, hakupandisha sauti:

— Kumbe uliona. Miye nilifunika, weye ukaona, ukaenda nayo mujini kwako, ukakata maneno peke yako. Muhogo ni yangu, Soraya. Njaa nayo ni yangu. Ungeniuliza tu.

Nikasema niliogopa kumwaibisha.

— Siku ya Idi ndiyo sikupata haya?

Nikamwomba amzuie Musafiri, abakize hata upande wa mto, miti ikikatwa hivi kiangazi hiki haitapona. Akasema anajua miti yake. Akasema Musafiri alikuja, akabisha hodi, akasema anachotaka, wakapatana. Na chakula watanunua unga, kama watu wengine wananunua. Halafu akanionyesha pembeni kwa kisu:

— Kaa pale, Mama. Yeye ndiye wa kwanza. Ungojee zamu.

Mama! Kama ninavyoitwa na mtu yeyote barabarani.

Nimekuja kukaa. Magloire ametoka nyumbani, hana utani leo, macho chini. Ameniletea kiti. Miaka yote hapa nilikaa kwenye mkeka pamoja nao, miguu imenyooshwa. Kiti ni cha mgeni, cha padri na mtu wa serikali. Nikamwuliza mkeka uko wapi, akasema uko ndani. Nimekikalia, ningefanya nini.

Nimechoka. Nimechoka mpaka kulia sioni njia yake. Mjini Faida ameshawasha moto, Mwalimu Emile atakuja na njaa yake. Magunia ya Musafiri yamejaa, mistari iliyobaki ni ile ya mtoni, si mingi, na majani yake ndiyo mazuri kuliko yote. Nikinunua, ni mimi ninayemaliza shamba. Nikiondoka na kapu tupu mbele ya Musafiri, ndiyo nimesema mbele za watu kwamba kweli nina mwingine.

Musafiri anafunga gunia la mwisho, anavuta kamba kwa mguu. Amenisalimia vizuri. Mtu mwema hata, masikini.

Léocadie amenyooka. Anakuja huku kwa njia ya katikati, anapangusa kisu kwenye kitenge. Tangu nimfahamu alikuwa anajaza tu, sijawahi kumsikia akipima. Amesimama mbele ya kiti, anatazama kapu, si mimi. Ameuliza kama nataka kapu zima ao nusu.

Bado sijamjibu. Anangoja.