Maji ya Mfereji Hayapigiwi Kura

Digodigo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni mdogo wangu Paskalina. Mwambie asiruke mstari hata mmoja. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Karatu? Ngano imeota? Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Uliuliza kama wanafunzi wangu bado wanaharisha. Bado. Tunakunywa maji ya mwisho wa mfereji, baada ya mbuzi kunywa na nguo kufuliwa huko juu. Bwana afya amesema wazi: tusipopata maji safi kabla ya muhula mpya, atashauri shule ifungwe.

Nikapeleka ombi kwa madiwani. Vikao vitatu, Mama! Cha kwanza walibishana juu ya choo cha shule mpaka jua likazama. Cha pili mwenyekiti hakufika, lori lilikwama njiani. Cha tatu nikaomba shule ichote huko juu, karibu na chemchemi. Wote wakanyoosha mikono, karani akaandika, chai ikaletwa. Nilirudi kwa miguu nikiimba kama mlevi.

Jumatatu mimi na darasa la nne tukachimba mchepuko wa kuleta maji shuleni. Adhuhuri wakaja wazee wanne wa maji, wakauziba kwa udongo. Nikawasomea muhtasari wa kikao, pamoja na muhuri. Mkubwa wao, aliyerithi kwa baba yake kazi ya kugawa zamu za maji, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, hao walionyoosha mikono, nani kati yao ana zamu ya maji hapa?"

Nikakiri hakuna hata mmoja.

"Basi umeomba shamba kwa jirani wa mwenye shamba."

Nilichukia! Nikamwambia wanaoumwa ni wajukuu wake mwenyewe. Akasema anajua, ndiyo maana walikuwa wakinisubiri. Mwaka na nusu nipo hapa, sijawahi kwenda kwao kuomba. Mwaka na nusu, na hakuna aliyenifumbua macho! Wakubwa wa ofisini wananiambia nifuate utaratibu. Huku nako kuna utaratibu, na kila upande unauona wa mwenzake ni mchezo wa watoto. Wanaoharisha ni watoto kweli.

Nimetozwa mbuzi kwa kugusa mfereji, na jana nikaenda kuomba kwa adabu. Wametupa zamu ya alfajiri. Ila mwenye zamu lazima awepo mwenyewe mfereji unapozibuliwa na kutolewa tope, na kazi hiyo itakula likizo yote. Nikasema nitamweka mtu. Wakacheka.

"Maji ni ya anayekaa. Wewe unakaa au unapita?"

Nikajibu nakaa.

Kwa hiyo sitakuja, Mama. Najua wazazi wa mchumba wangu Theresia wameshapewa siku ya harusi yetu, na wewe umeshaazima vyungu vya pombe. Nisamehe. Naona aibu kuandika haya.

Msalimie kaka mkubwa, shangazi wa kule bondeni na mwalimu wangu wa dini. Nakuomba jambo moja tu. Usiende kwa baba yake Theresia, wala kwa wajomba zake. Mwite yeye mwenyewe, umuulize kama ataweza kuishi Digodigo.

Mwanao,
Bura