Mkono wa Mama

Kamukuywa, Bungoma
Juni 1949

Kaka Wakhungu,

Natumaini baridi ya Kitale haikusumbui. Hapa tumemaliza kupalilia mahindi, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Eliakim, mwenzako wa ofisini, alipokuja likizo alipita kwetu. Hakujua mama yuko jikoni anasikia, akaniambia: "Ati Wakhungu alitusomea barua ya mama yake ofisini, bana. Penye l ameweka r. Tulicheka mpaka machozi." Mama akatoka na kibuyu cha uji, akampa, akasema, "Kunywa, mwanangu."

Tangu siku hiyo mama haendi tena darasa la kusoma kanisani. Ubatizo umekaribia, na asiyejua kusoma habatizwi.

Kaka, shuleni mimi ndiye ninayesifiwa kwa imla, na bado naamini maneno yaandikwe sawasawa. Makosa yale niliyaona kabla barua haijatumwa, nikataka kuyasahihisha. Mama akanizuia. "Acha, Lenah. Ikinyooka sana atafikiri umeandika wewe." Ile ilikuwa barua yake ya kwanza maishani, na alikuchagua wewe. Sikudhani wewe ndiye ungemcheka.

Sasa anataka mimi niwe nikimwandikia barua zake. Nimekataa. Kwa hiyo usinijibu mimi. Mwandikie yeye, kwa herufi kubwa, umuulize habari za siku uliyozaliwa. Hizo mimi sizijui, kwa hiyo itabidi ajibu mwenyewe.

Dada yako, ambaye bado anakutegemea,
Lenah