Bao Nililolitoa Kwenye Hesabu Yangu

Mjukuu wangu Shabani,

Marahaba. Shikamoo yako imenipa raha, maana huku ugenini Joubert Park hakuna anayeamini kuwa kijana mzuri kama mimi ni babu wa mtu. Mdogo wa babu yako ni babu pia, zoea. Bibi yako Zanele hajambo, na mtoto ameanza kutembea.

Unauliza kama yule mshambuliaji wa Brazil anadanganya, kwa kuweka mabao ya utotoni kwenye mabao yake elfu. Hadanganyi, bao ni bao. Mimi niliishia darasa la sita lakini yangu nayajua yote, mia mbili na kumi na moja.

Lilikuwepo moja zaidi. Jumapili moja, kiwanjani Doornfontein, Désiré, Mrundi niliyekuwa nakaa naye, alipiga shuti. Mkewe alikuwa amefika wiki ile kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, akaja kumwona akicheza. Mpira ulikuwa unaingia wenyewe. Mimi nikaugusa pale mstarini kwa kidole cha mguu, nikakimbia kushangilia.

"Eish, la kwako hilo," Désiré akasema, akanipa mkono. Mkewe akanipigia makofi mimi.

Lilinikaa rohoni miaka. Juzi nilikwenda kwao, nikamwambia yule mama bao lilikuwa la nani.

"Najua, shemeji," akasema. "Mume wangu ndiye aliyeniashiria nikushangilie wewe, maana hukuwa na mtu wako pale."

Wasalimie wote nyumbani.

Babu yako,
Mussa