Kichwa cha Makala ya Nakunda

Same, Alhamisi

Maneno saba tu, na yote yananichoma: "Nani Hufungua Ndiva? Maji na Zamu Upareni."

Nakunda nilimfundisha mimi. Makala yake imekubaliwa bila kuguswa. Yangu, inayohusu ndiva zilezile, mabwawa yetu ya kumwagilia, mhariri ameirudisha: nibadilishe kichwa kabla ya Jumatatu, la sivyo haitoki.

Kichwa changu kina maneno ishirini na sita. Kinaanza na "Tathmini ya Baadhi ya Masuala Yanayohusu". Kila neno nililiweka kama ngao dhidi ya mkosoaji fulani.

Leo nimemsomea vyote viwili Mama Eliza, mkulima aliyetuhoji sisi zaidi ya tulivyomhoji. Akacheka.

"Cha Nakunda kinaniuliza mimi, na jibu ninalo. Chako, mwalimu, kinaongea na nani?"

Nikabishana naye hadi chai ikapoa. Sikumwambia kwamba swali hilo Nakunda aliwahi kuliuliza darasani, nami nikamjibu mbele ya wenzake kwamba ni la kitoto.

Nimefuta maneno kumi na tisa. Yamebaki saba, na bado chake ni kizuri zaidi.